Mtoto wa Chekechea na Orodha ya Wanyama

Swali ambalo walimu wa elimu ya awali jijini Nairobi huliuliza kila mada ya wanyama inapokaribia, na ambalo wazazi wa Lavington huliuliza kwa maneno yale yale yanayotumiwa na wazazi wa Kangemi, ni mtoto wa PP1 anapaswa kuwajua wanyama wangapi kabla hajapandishwa basi kwenda kuwaona. Wapo wanaotaka kuambiwa kama 20 wanatosha au ni lazima wafike 30, na wapo wanaoliruka swali hilo na kuuliza moja kwa moja ni chati ipi inunuliwe katika maduka ya vitabu ya katikati ya jiji, ni kadi zipi za picha zinazofaa na ni video ipi mtoto aonyeshwe jioni ili asiachwe nyuma na wenzake. Swali hili limejibiwa kwa upole mara nyingi mno na bado linarudi, kwa hiyo inafaa sasa lijibiwe waziwazi: idadi hiyo haipo, na mwalimu anayeitafuta ameanza kupanga kazi yake mahali pasipofaa.

Nyuma ya swali hilo imejificha imani kwamba kutaja jina la mnyama na kuiga mlio wake ni sawa na kumjua mnyama huyo. Imani hiyo ndiyo inayoongoza vipindi vingi vya shughuli za mazingira, ambapo chati hutundikwa ukutani, mwalimu hunyoosha fimbo, darasa zima huitikia kwa pamoja "simba", kisha hunguruma, na mwisho wa muhula watoto hupelekwa Lang'ata kuwaona wanyama kama zawadi ya kazi iliyokwisha kufanyika. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umejengwa juu ya kile ambacho mtoto anaweza kukifanya kwa alichojifunza, lakini katika mada hii shule nyingi, za kulipia kwa bei ghali na za bei nafuu, zimebaki na kuitikia kwa pamoja, pengine kwa sababu kuitikia husikika hadi ofisini na humpa mzazi anayepita uhakika kwamba watoto wanafundishwa.

Wanaotetea kadi na video hudai kwamba picha zinazopita haraka "hufungua ubongo" wa mtoto. Dai hili si geni, na limekwisha kupimwa. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Judy DeLoache na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miezi 12 hadi 18 waliotazama nyumbani, kwa muda wa wiki 4, diski ya video iliyokuwa ikiuzwa sana kwa ajili ya kuwafunza watoto maneno. Watoto hao hawakujifunza maneno zaidi ya wenzao ambao hawakuiona kabisa, na waliojifunza zaidi ni wale ambao wazazi wao waliyatumia maneno hayo hayo katika shughuli za kawaida za siku bila video yoyote. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kampuni ya Disney ilikuwa imekubali kuwarejeshea wateja wa Marekani fedha walizotumia kununua diski za Baby Einstein. Ni kweli kwamba mtoto wa miaka 4 ni mkubwa kuliko hao na huweza kujifunza jambo kutoka kwenye skrini, hasa akiwa na mtu mzima wa kuzungumza naye, lakini bidhaa zinazouzwa Nairobi leo kwa jina la akili za watoto zinarudia ahadi iliyovunjika zamani, na mzazi wa Kawangware anayebana matumizi ili anunue tableti kwa sababu hiyo anastahili kuambiwa ukweli.

Ubaya wa orodha hauishii kwenye upotevu wa fedha, kwa kuwa orodha hiyo humfundisha mtoto mambo ambayo baadaye humzuia kuona. Mfano ulio wazi zaidi ni wa simba. Chati humchora akiwa amefumbua kinywa, mwalimu huuliza analiaje, na kwa wiki mbili simba huwa ni mngurumo tu. Lakini simba hunguruma zaidi usiku, jioni na alfajiri, na hupumzika kwa saa 16 hadi 20 katika kila siku, hivi kwamba basi linalofika lango kuu la Mbuga ya Taifa ya Nairobi mnamo saa nne asubuhi litamkuta yule wa Kituo cha Wanyama Yatima amejinyoosha kivulini, macho yamefumba. Mtoto aliyefundishwa mngurumo husema huyo ni mgonjwa, au huacha kumtazama na kuanza kuuliza chakula kitaliwa lini, na mwalimu hurudi akilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana usikivu. Watoto hao hawana kosa lolote. Wangekuwa wamejiandaa kutafuta ni sehemu gani za mwili wa mnyama aliyelala ambazo bado zinasogea, yaani ncha ya mkia, sikio linalomfukuza nzi na ubavu unaopanda na kushuka, simba aliyelala angekuwa somo kamili la kupumua, jambo ambalo kila mtoto angeweza kulilinganisha na mwili wake mwenyewe hapo hapo.

Twiga naye hufundishwa kwa namna inayosikitisha zaidi, kwa sababu mwalimu akikosa mlio wa kuigiza husema kwamba twiga hana sauti. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walitangaza matokeo ya zaidi ya saa 900 za kurekodi twiga katika bustani tatu za wanyama barani Ulaya, wakaonyesha kwamba usiku twiga hutoa mvumo mzito wa chini ambao wasimamizi wao wenyewe hawakuwa wamewahi kuusikia. Tembo, ambaye katika chati hupiga tarumbeta tu, huwasiliana na wenzake kwa sehemu kubwa kwa mvumo ulio chini ya kiwango cha sikio la binadamu, na ni nchini Kenya, miongoni mwa tembo wa Amboseli na Samburu, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha dalili kwamba tembo huitana kwa miito inayomlenga kila mmoja, mfano wa majina. Hakuna anayemtaka mwalimu wa PP1 azungumzie mawimbi ya sauti. Anachotakiwa ni kuacha kusema kwa uhakika jambo lisilo kweli, na kujizoeza kumwambia mtoto kwamba wapo wanyama ambao sauti zao masikio yetu hayazipati, habari ambayo mtoto wa miaka 4 huipokea kwa mshangao mkubwa kuliko tarumbeta yoyote.

Wakati orodha inatangaza milio ya wanyama wasiosikika, sauti zinazosikika kila siku hazina mwenyewe. Kwarara, yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, huwaamsha wakazi wa Kileleshwa na Lavington kwa makelele yake kabla jua halijachomoza, na mtoto anayeamshwa naye kila asubuhi humaliza PP2 bila kuambiwa huyo ni nani, anatafuta nini kwenye nyasi za uwanja wa shule na kwa nini mdomo wake umepinda. Mwewe huzunguka juu ya viwanja vya shule saa ya chakula na hunyakua mkate mkononi mwa mtoto. Marabu, korongo wakubwa wenye vichwa visivyo na manyoya, hujenga viota juu ya miti karibu na Uwanja wa Nyayo, mahali ambapo maelfu ya watoto hupita wakiwa kwenye matatu. Punda wa mikokoteni wa Kawangware, kima wa City Park kule Parklands na vinyonga wa ua wa michongoma hawamo katika orodha, ilhali pengwini, chui milia na dubu mweupe wa barafuni wamo, kwa kuwa chati nyingi hunakiliwa kutoka vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine.

Orodha hutoa pia ahadi zisizoweza kutimizwa. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117, haina kundi la tembo wanaoishi humo kwa uhuru, na mtoto aliyeimbishwa tembo kwa muhula mzima hatamwona huko hata basi lizunguke mchana kutwa. Tembo waliopo ni ndama yatima wanaolelewa na shirika la Sheldrick, ambao umma huruhusiwa kuwatazama kwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, kwa nafasi iliyoombwa mapema. Mwalimu anayelijua hilo hupanga mada nzima kuelekea saa hiyo moja, ilhali asiyelijua hufika saa saba na kukuta lango limefungwa.

Yapo pia madhara ya picha zenyewe. Mwaka 2014 Patricia Ganea wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake waliwasomea watoto wa chekechea vitabu kuhusu wanyama wasiowajua, mmoja wao akiwa shashi, ndege wa Afrika anayedonoa kupe mgongoni mwa wanyama wakubwa. Vitabu vingine vilimwonyesha mnyama alivyo, na vingine vilimpa nguo, meza na mazungumzo ya kibinadamu. Watoto waliosomewa vitabu vya aina ya pili walikumbuka mambo machache ya kweli kuhusu mnyama huyo, na maneno ya kibinadamu yaliwafanya wengi wamdhanie kuwa na fikra na hisia za mtu. Watafiti Patricia Herrmann, Sandra Waxman na Douglas Medin walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 2010, kwamba kumpima kila mnyama kwa kipimo cha binadamu si tabia ambayo mtoto huanza nayo: watoto wa mjini wenye miaka 3 hawakuwa nayo, ila wale wa miaka 5 walikuwa wameipata.

Hapa pana pingamizi la haki, kwamba hadithi za sungura mjanja na fisi mlafi ni mali ya jamii zetu na haziwezi kufukuzwa darasani. Hazipaswi kufukuzwa. Hadithi hizo husema habari za watu, yaani hila, tamaa, urafiki na haki, na mtoto wa miaka 4 huzielewa hivyo anapozisikia jioni au katika kipindi cha lugha. Kosa huanza pale mwalimu anapomtoa fisi wa hadithi na kumweka katika shughuli za mazingira, akawafundisha watoto kwamba fisi ni mjinga, mwoga na mla mabaki tu, ilhali fisi madoa ni mwindaji hodari anayeishi katika makundi yenye mpangilio, yanayoongozwa na majike. Mtoto anaweza kuwa na fisi wawili, wa hadithi na wa porini, mradi mtu mzima asiwachanganye kwa niaba yake.

Kinachojenga ujuzi kinajulikana kwa muda mrefu. Mtafiti wa Japani Kayoko Inagaki, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1990, aliwalinganisha watoto wa chekechea waliokuwa wakifuga samaki wadogo wa dhahabu nyumbani na wenzao wasiofuga chochote, wote wakiwa na umri wa takriban miaka 5. Wafugaji hao wadogo waliwajua samaki wao vizuri, jambo linalotarajiwa, lakini walipoulizwa kuhusu chura, ambaye hakuna aliyekuwa amemfuga, waliweza kukisia kwa hoja zenye mantiki kwamba chura hawezi kubaki mdogo milele, kwa sababu samaki wao pia hakubaki mdogo kwa kuwa alikula akakua. Mnyama mmoja, aliyelishwa na kutazamwa kila siku, aliwapa chombo cha kufikiria juu ya wanyama wengine, na hicho ndicho ambacho majina 30 ya ukutani hayajawahi kukitoa. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa mwanzoni mwa muhula ni mnyama yupi mmoja anaweza kutazamwa hapa shuleni kila siku kwa wiki mbili, na anayeuliza hivyo atapata jibu bila gharama yoyote, kwa maana konokono, chungu, sungura wa jirani na kuku wa mlinzi wanapatikana Kangemi kama wanavyopatikana Westlands.

Imani kwamba safari yenyewe hufundisha nayo inahitaji kusahihishwa, ingawa kwa maneno machache zaidi. John Falk na wenzake walieleza mwaka 1978 kwamba mtoto anapopelekwa mahali asipopazoea, akili yake huhangaika kwanza na ugeni wa mahali hapo na kuacha kazi aliyopewa. Uchunguzi uliofuata katika bustani ya taifa ya wanyama jijini Washington ulionyesha kwamba watoto wa shule ya msingi walioelezwa mapema mambo ambayo mtu mzima huyaona madogo, yaani watashukia wapi, watakula nini na saa ngapi, na wataona nini kwanza, walijifunza mengi zaidi kuhusu wanyama kuliko wale waliofika bila maandalizi. Kama hali ni hiyo kwa watoto wa shule ya msingi, mtoto wa miaka 4 asiyejua choo kiko wapi hawezi kulaumiwa kwa kutomwona twiga.

Mpango wenyewe, basi, si mgumu. Wiki ya kwanza na ya pili zitumike kwa mnyama wa shuleni: konokono akusanywe baada ya mvua, awekwe kwenye sanduku lenye udongo wenye unyevu na majani, watoto watabiri atakula nini, wapime kwa uzi ametembea umbali gani, kisha arudishwe bustanini. Wiki ya tatu achaguliwe mnyama mmoja wa safari. Akichaguliwa twiga, uchorwe mstari wa chaki wa mita 5 uwanjani, ambao ni urefu wa twiga mkubwa, na kando yake mmoja wa mita 1.8, ambao ni urefu wa ndama aliyezaliwa leo, watoto walale juu yake wajipime, na uzi wa sentimita 45 ukatwe kuwakilisha ulimi. Shughuli za hesabu zitakuwa zimekwisha kufanyika bila karatasi ya kupaka rangi. Chati iliyokwisha kununuliwa ikatwe vipande, na watoto wawapange wanyama wenyewe kwa vigezo watakavyovibuni.

Siku ya safari liwepo swali moja tu. Katika Giraffe Centre ya Lang'ata, kituo cha shirika lililoanzishwa kwa ajili ya kuokoa twiga wa Rothschild waliokuwa wakitoweka magharibi mwa Kenya, swali linalofaa ni miguu ya twiga ina rangi gani chini ya magoti, kwa sababu twiga hao ni weupe sehemu hiyo, kana kwamba wamevaa soksi, ilhali twiga wa Kimaasai wanaoishi ndani ya Mbuga ya Nairobi wana mabaka hadi chini. Katika Kituo cha Wanyama Yatima, kilichofunguliwa mwaka 1964, swali liwe juu ya namna mnyama anavyopumzika. Katika jengo la nyoka lililo kwenye kilima cha Makumbusho ya Taifa, swali liwe ni nyoka anatembeaje bila miguu, na wasiopenda kusogea karibu na kioo wasisukumwe. Ua wa makumbusho yenyewe una sanamu ya Ahmed, tembo wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974, ambayo humpa mtoto kipimo halisi cha mwili wa tembo pasipo kuhitaji tembo hai. Shule isiyo na nauli ya Lang'ata iende City Park au Arboretum ikawatazame kima, kwa masharti kwamba hakuna chakula kitakachoshikwa mkononi, maana kima waliozoea kulishwa hunyang'anya na huuma.

Mwalimu atangulie kwenda mahali hapo peke yake, ajue vyoo na kivuli viko wapi, na akumbuke kwamba malipo ya vituo vinavyosimamiwa na KWS, yaani Shirika la Huduma za Wanyamapori, hufanywa kwa njia ya mtandao na hayapokelewi kwa fedha taslimu langoni. Basi litoke mapema kabla msongamano wa magari wa Barabara ya Ngong haujakaza, na ziara isizidi saa moja na nusu, kwa kuwa baada ya hapo mtoto wa umri huu hana tena anachokiona. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kugusa mnyama au uzio, na watoto walio chini ya miaka 5 wasishikishwe kobe, mijusi wala vifaranga, ambao hubeba vijidudu vya salmonela vinavyowadhuru watoto wadogo kuliko watu wazima.

Mtoto akiuliza kwa nini simba amefungiwa, na lazima mmoja atauliza, ajibiwe kweli: kwamba wanyama wengine huletwa hapo wakiwa wadogo bila mama, wengine wakiwa wameumia na wengine baada ya kukamatwa kwa watu waliowashika kinyume cha sheria, kwamba wapo wanaorudishwa porini, na kwamba wapo wasioweza tena kujitafutia chakula. Kumwambia kwamba simba "anapenda" kukaa hapo ni kurudi kule kule kwa mnyama aliyevikwa nguo.

Kesho yake darasani swali la safari lirudiwe, kila mtoto achore alichokiona, na mwalimu aandike chini ya mchoro maneno ya mtoto mwenyewe bila kuyasahihisha. Mtoto atakayesema kwamba twiga alikuwa hapumui kwa sababu hakumwona akipumua asikatizwe; aulizwe konokono naye anapumua wapi, apewe kioo cha kukuzia, na aachwe atafute.